Nyuzi za utumbo kwa gambusi na udi: kila kitu kipo hapa hapa Unguja na Pemba

Risha_ya_Vuga (mwanzisha uzi)

Assalaam aleikum wana jukwaa.

Kila baada ya wiki mbili tatu mtu anaingia humu kuuliza nyuzi za udi, kile chombo cha taarab, zinapatikana wapi, na majibu ni yale yale: mwagizie anayekwenda Cairo au Muscat, au shuka Malindi hapa mjini kwenye duka la vifaa vya uvuvi ukanunue mshipi. Mie leo nina jambo jingine. Nataka tuzungumze nyuzi za utumbo, zile zilizopigwa kabla nailoni haijazaliwa. Msimamo wangu nautaja mapema tusipotezeane muda: vifaa vyote vya kuzitengenezea tunavyo, kazi ya kusokota tunaijua tangu enzi, na pa kuanzia ni gambusi, ndugu yake udi mwenye tumbo la ngozi. Udi utafuata, nusu yake tu. Kanuni, kile chombo cha nyuzi tele, tuiache.

Hebu tuweke tarehe sawa kwanza. Nailoni ilitangazwa Marekani mwaka 1938. Ikaingia kwenye vyombo vya muziki baada ya Vita Vikuu vya Pili, kwa sababu wakati wa vita matumbo yalichukuliwa kwa ajili ya nyuzi za madaktari za kushonea majeruhi, wapiga magitaa wakabaki mikono mitupu. Fundi mmoja wa New York, Albert Augustine, akajaribu nailoni, na mpiga gitaa Andrés Segovia akaikubali. Basi. Kwa hiyo Sayyid Barghash alipompeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kanuni, nailoni haikuwepo. Klabu ya taarab ya Ikhwani Safaa ilipoanzishwa 1905, haikuwepo. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi 1928, haikuwepo. Sauti tunayoiita "ya asili" leo, ikipigwa kwa nailoni, ina umri mdogo kuliko babu zetu wengi.

Nyuma zaidi mambo ni matamu. Al-Kindi, yule mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9, ameandika kwamba udi ulifungwa nyuzi nzito za utumbo na nyembamba za hariri. Na Ziryab, aliyehamia Cordoba karne hiyo hiyo, inasimuliwa kuwa nyuzi zake nzito zilikuwa za utumbo wa mtoto wa simba. Wallahi mie siamini kwamba mtu alikuwa anachinja watoto wa simba kila uzi unapokatika, lakini inaonyesha watu walivyokuwa wakibishania utumbo wa mnyama gani una sauti bora.

Sasa kazi yenyewe. Nitaeleza ilivyokuwa ikifanywa Italia, kwa kuwa huko ndiko ilikoandikwa vizuri zaidi, na kila hatua nitasema sisi tunaweka nini badala yake.

Unaotakiwa ni utumbo mwembamba wa kondoo au mbuzi, mnyama mchanga ndiye bora. Mmoja anatoa zaidi ya mita 20. Ukuta wake una tabaka: ndani ule ute unaoteleza, nje nyama nyembamba na ngozi yake, na katikati kuna utando mweupe mgumu ambao karibu wote ni kolajeni, ile protini ngumu inayoshikilia mwili. Uzi ni huo utando wa kati. Kazi yote inayofuata ni kuondoa vingine bila kuuchana.

Saa ya kwanza ndiyo inayoamua. Utumbo utolewe ungali na joto, ukamuliwe, uoshwe kwa maji baridi hapo hapo. Ukiachwa kwenye ndoo mpaka mchinjaji amalize kugawa nyama, umeshaanza kuoza, na uzi wake utakatika hata kama kila kitu baada ya hapo kimefanywa kwa uangalifu. Ndiyo maana Idd ya Mfunguo Tatu inatudanganya: matumbo ni tele, lakini siku ile kila mkono una kazi yake. Afadhali kupatana na mchinjaji wa siku za kawaida, mbuzi mmoja mmoja.

Unaloweka usiku kucha. Asubuhi unaulaza kwenye ubao wenye mteremko na kuukwangua kwa kipande cha mwanzi au mgongo wa kisu, mkono mmoja umeshika, mwingine unasukuma kuelekea chini. Kwanza yanatoka maji ya kijivu yenye harufu ambayo sitaieleza, baadaye meupe. Utando ukiwa safi, uvute juu ya ukucha wako: utaona ukucha wote, mpaka ule mwezi mweupe wa chini.

Kisha magadi. Waitaliano walichoma mashapo ya mvinyo wakapata potashi, wakaichanganya na maji, dhaifu siku ya kwanza na kali kidogo kila siku inayofuata. Sisi tuna makumbi ya nazi, na majivu ya makumbi yana potashi nyingi sana. Unachuja majivu kwa maji ya mvua, unaacha yatulie, unachukua maji ya juu. Yakiteleza vidoleni ni sawa, yakiwasha, ongeza maji. Unabadilisha asubuhi na jioni, na kila ukibadilisha unaupitisha utumbo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, mafundi wa Ulaya walivaa subana ya shaba hapo, ili kutoa mabaki ya mafuta.

Baada ya siku kadhaa matumbo yamekuwa kama utepe wa maji. Hapo ndipo kuchagua, na kuchagua ndiyo elimu yenyewe. Utumbo mmoja una upande mnene na upande mwembamba, hivyo ukiunganisha mitatu unaigeuza, kichwa kwa mkia, ili unene ulingane toka mwanzo mpaka mwisho. Msafiri Mfaransa, de Lalande, aliyezunguka Italia 1765 na 1766, aliandika hesabu ya mafundi wa huko: matumbo mawili kwa uzi wa mandolini, matatu kwa uzi wa kwanza wa fidla, saba kwa wa mwisho.

Unafunga kwenye fremu ya mbao, unasokota yangali majimaji, unatia moshi wa kibiriti upele ndani ya sanduku lililofungwa ili yawe meupe na yasioze, unasokota tena, unaacha yakauke yakiwa yamevutwa, kivulini. Yakikauka unasugua. Wao walitumia nywele za farasi na mmea fulani wa mabwawani wenye ukwaru, sisi tuna majani ya msasa. Mwisho mafuta ya zeituni kidogo kwa kitambaa.

Nimemaliza. Nani yumo?

---

Mshipi_Tu

Yakhe, hadithi nzuri, lakini mshipi ni hela ndogo, unadumu, haunuki, na jirani hatakuitia sheha. Kwa nini nijitese?

---

Risha_ya_Vuga

Mshipi_Tu, hujitesi ukiwa umeridhika na sauti. Mie siridhiki. Mshipi ukiupiga kwa risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, unatoa sauti inayoendelea kulia wakati mkono umeshahamia kwingine, na zile pambo za haraka zinarundikana. Utumbo unasema neno lake na kunyamaza. Kwenye gambusi, chenye tumbo la ngozi, hiyo ndiyo raha yote.

Kwa hilo la jirani una haki kidogo. Fanya shamba.

---

Daktari wa Ng'ombe Wete

Salaam. Mie ni mtu wa mifugo, muziki siujui, ila mada ya matumbo ni ya kwetu.

Kwanza, chukueni matumbo ya mnyama aliyekaguliwa tu. Kuna kimeta, kuna homa ya kutupa mimba ambayo binadamu anaipata kwa kushika, na nyie mtakuwa mmechovya mikono siku nzima. Glovu, tafadhali, na asiye na glovu basi angalau asiwe na kidonda.

Pili, hili nadhani litawasaidia zaidi. Shikeni utumbo mbele ya mwanga kabla ya kuhangaika nao. Mkiona vinundu vidogo vigumu kama punje za mtama vimetapakaa ukutani, huo utupeni. Ni minyoo. Viwavi wake huingia ndani ya ukuta wa utumbo, mwili unawajengea kifuko, na kifuko kinabaki hata mnyoo ukitoka. Kila kinundu ni mahali ambapo utando wenu mweupe umetoboka. Mbuzi wa huku kwetu wasiopewa dawa ya minyoo wanavyo kwa wingi, hasa utumbo mnene na sehemu ya mwisho ya ule mwembamba. Kwa hiyo ukitaka kupunguza hasara, chukua sehemu ya juu na ya kati, na ujuane na mfugaji anayenywesha mifugo yake dawa.

Tatu, moshi wa kibiriti upele: mwenye pumu asikaribie. Huo si moshi wa ubani.

---

Risha_ya_Vuga

Daktari, Mungu akuzidishie. Hiyo ya vinundu sijaiona imeandikwa popote na wana muziki, na inaeleza kwa nini matumbo mawili yaliyopita mikono ile ile, maji yale yale, mmoja unatoa uzi wa kuvutika na mwingine unakatika hata kabla ya kufika sauti.

---

Mwl_wa_Fomu_Tatu

Naomba nilete namba, maana naona watu watabishana kwa masikio.

Sauti ya uzi inategemea mambo matatu: urefu, mvutano, na uzito wa kila mita ya uzi. Marin Mersenne, padri wa Kifaransa, aliiandika sheria hiyo mwaka 1636, na nyuzi alizokuwa akizipima zilikuwa hizo hizo za utumbo.

Chukua udi wenye urefu wa uzi sentimita 60, toka ukingo wa shingo mpaka daraja, kile kijibao kinachobeba nyuzi tumboni. Unataka uzi wa juu ulie mitetemo 261 kwa sekunde, yaani do ya katikati ya piano, kwa mvutano wa kilo tatu na nusu. Utumbo, wenye uzito wa takriban gramu 1.3 kwa sentimita ya ujazo, utahitaji unene wa milimita 0.58. Nailoni ni nyepesi zaidi, itahitaji 0.62. Ile mishipi ya kisasa mizito ya fluorokaboni itakuwa 0.50. Mnaona: utumbo umekaa katikati. Kwa hiyo mkono wa mpigaji hautaona ugeni kwenye unene, utaona ugeni kwenye ukwaru na mlio.

Je, utakatika? Kuna hesabu nyepesi. Zidisha mitetemo kwa urefu wa uzi kwa mita. Utumbo mzuri unakatika ukifika karibu 260, na mafundi hupenda kuishia 220 au chini yake. Udi wetu: 261 mara 0.6 ni 157. Salama kabisa. Fidla, mi ya juu: 659 mara 0.33 ni 217. Ndiyo maana wapiga fidla wa zamani walikuwa wakilia na ule uzi wa kwanza, na ndiyo uliokuwa wa mwanzo kugeuzwa chuma.

Sasa upande wa chini. Udi ule ule, uzi mzito wa mitetemo 65. Kwa mvutano ule ule unahitaji utumbo wenye unene wa milimita 2.3. Huo si uzi, ni kamba ya mbuzi mwenyewe. Hautalia, utabubujika.

---

Risha_ya_Vuga

Mwalimu umenimalizia kazi. Hapo ndipo ninaposema "udi nusu". Wazee wa Ulaya walihangaika na hilo: walisokota uzi mzito kwa nguvu sana ili uwe laini, au wakasuka uzi mbili tatu pamoja kama kamba, na tangu miaka ya 1660 wakaanza kuzungushia waya wa shaba au fedha juu ya utumbo au hariri. Huo waya tuwaachie wenye mashine. Nunua nyuzi nzito za kuzungushiwa, fungia za juu za utumbo. Ndoa hiyo inakubalika, hata al-Kindi alichanganya.

Na kanuni naikataa kwa sababu ina nyuzi zaidi ya 70. Utumbo unakunywa unyevu wa hewa. Ukiwa na nyuzi 70 na mvua ya masika, utakuwa unatia sauti mpaka hadhira imeshalala.

---

Fidla_ya_Kikwajuni

Hapo kwenye unyevu ndipo ninapotaka kukushika, kaka. Mie nimewahi kupewa nyuzi za utumbo na mgeni. Zilifika Januari, kaskazi, zikawa nzuri. Ilipofika Aprili kila nikishika fidla imehama. Vigingi vya kukazia nyuzi navyo vimevimba. Nikarudisha chuma. Visiwa hivi si Italia.

---

Risha_ya_Vuga

Kweli si Italia, lakini usiseme hivyo kwa haraka. Nyuzi ulizopewa kuna uwezekano mkubwa zilikuwa za kisasa: utumbo wa mnyama mkubwa unapasuliwa kwa urefu kuwa mikanda, unasokotwa, kisha mashine inasaga uzi mzima uwe duara sawasawa. Unene wake ni wa kupendeza kwa kipimo, lakini mashine imekata nyuzinyuzi za juu. Unyevu unaingia kwenye hiyo mikato, na uzi unaanza kutoa nywele pale kidole kinapokanyaga. Niambie kama zako hazikutoa nywele.

Mafundi wanaorudisha njia ya zamani, mmojawapo Mimmo Peruffo wa Vicenza, wanatumia utumbo mzima bila kuupasua na kusugua kwa mkono, kidogo. Uzi hauko duara kamili, ila uso wake umefungika. Ukiongeza mafuta ya zeituni kila wiki, unyevu unaingia polepole. Sitasema hauhami. Unahama. Gambusi lenye nyuzi chache unalirekebisha kwa dakika moja, fidla ya kwenye kundi la watu ishirini inakuwa shughuli nyingine.

Cha kuchekesha, huyo huyo Peruffo ndiye aliyebuni nyuzi za plastiki zenye uzito wa utumbo, kwa wale wasiotaka shida ya unyevu. Kampuni yake inaitwa Aquila. Zipo hata za udi. Mshipi_Tu, hizo ndizo zako.

---

Fidla_ya_Kikwajuni

Zilitoa nywele. Endelea.

---

Bi_Usumba wa Paje

Wanangu, nimewasoma kimya toka jana. Mie si mpiga udi, mie nasokota kamba za makumbi tangu kigori, na mama yangu kabla yangu. Naona mmetaja kusokota kwa maneno mawili mkapita. Kusokota si maneno mawili.

Makumbi tunayafukia pwani kwenye mchanga wa maji ya kupwa na kujaa, miezi, mpaka yaoze yale ya kuoza. Tunayatoa, tunayaponda kwa gongo, usumba unabaki. Unachukua usumba unasokota kwa viganja, upande huu. Unapata nyuzi mbili. Unazikunja pamoja upande wa pili, kinyume. Hapo kamba inajishika yenyewe, ukiiachia haifunguki. Ukisokota vyote upande mmoja, ukiachia tu vinarudi nyuma vikajikunja fundo fundo.

Sasa nyie mnasema matumbo matatu yanasokotwa pamoja upande mmoja tu kwenye fremu. Nani anayashika yasirudi?

---

Risha_ya_Vuga

Shikamoo bi mkubwa. Swali lako ndilo swali la fundi.

Anayeshika ni kukauka kwenyewe. Utumbo ukiwa majimaji una gundi yake: kolajeni ya tumbo moja inashikana na ya jingine, na ikikauka ikiwa imevutwa, matatu yanakuwa mwili mmoja. Baada ya hapo ukikata uzi haufunguki, ungeona ni kijiti kimoja chenye mistari ya mzunguko. Ndiyo maana huruhusiwi kuutoa kwenye fremu kabla haujakauka kabisa, hata kwa kuutazama mara moja tu. Ukiuachia mbichi unarudi nyuma, fundo fundo, kama ulivyosema.

Kwa uzi mzito wanafanya haswa kama wewe: nyuzi mbili zilizosokotwa upande mmoja, zinakunjwa pamoja upande wa pili. Hizo ndizo za kamba nilizotaja juu.

---

Bi_Usumba wa Paje

Aleikum salaam, marahaba. Basi sikiliza. Kama ni hivyo, mzunguko lazima uwe sawa urefu wote. Mwenye kusokota kwa kuzungusha ndoana upande mmoja, mzunguko unajaa karibu na ndoana na kule mbali unakuwa mlegevu. Sisi tukisokota kamba ndefu mtu wa pili anapita na kiganja juu ya kamba, toka kwenye mzunguko mwingi kwenda kwenye mchache, anausukuma. Taratibu, bila kubana. Fanyeni hivyo na matumbo. Na kiganja kiwe na maji.

Na hayo majivu, yasichanganywe na ya vifuu wala kuni za mikoko. Makumbi makavu peke yake, yaliyooshwa mvua, yasiyofukiwa pwani. Ya pwani yana chumvi.

---

Risha_ya_Vuga

Bi mkubwa, naomba nije Paje.

---

Bi_Usumba wa Paje

Njoo. Matumbo yaache barazani.

---

Mwana_wa_Tarime

Wakuu, mimi niko bara ila nimeoa Pemba. Kwetu Wakuria tuna iritungu, na nyuzi zake zamani zilikuwa za mnyama kabla nailoni haijaja. Wazee wanasema kano, si utumbo. Kuna tofauti gani?

---

Risha_ya_Vuga

Karibu shemeji. Kano ni ile inayofunga nyama kwenye mfupa, utando wa nyuzinyuzi ndefu. Inapigwa ikiwa kavu, inachanwa nyuzi nyembamba, zinasokotwa. Haihitaji magadi wala moshi, ndiyo maana mtu anaweza kuifanya akiwa machungani. Mipaka yake ni urefu: kano ni fupi, ukitaka uzi mrefu utaunganisha, na kila kiungo ni mahali pa kukwaruza. Utumbo unakupa mita nyingi bila kiungo.

Ukitaka kuona nyuzi za utumbo zinazopigwa leo karibu na sisi, tazama Ethiopia. Begena yao, ile kubwa yenye nyuzi 10 wanayoimbia dua za kanisa, bado hufungwa nyuzi za utumbo wa kondoo, na chini ya kila uzi wanaweka kipande cha ngozi ili uvume. Kwa hiyo mafundi wao wana mengi ya kutufundisha kuliko vitabu vya Ulaya.

---

Abuu_Sumayya

Ndugu zangu, mnajadili nyuzi, mnasahau kwamba chombo chenyewe kina hukumu yake.

---

Risha_ya_Vuga

Ostadh, suala hilo lina uzi wake humu, una kurasa nyingi na wanazuoni kila upande. Hapa tuzungumze utumbo. Na kwa hili nadhani tutaelewana: mbuzi awe amechinjwa kihalali, maana fundi anashika kwa mikono, na mwingine anakata uzi kwa meno.

---

Abuu_Sumayya

Hilo sawa.

---

Paka_wa_Shangani

Mie nina swali la msingi. Mnakausha nyuzi za nyama kivulini, Mji Mkongwe. Mmewahi kuuona Mji Mkongwe? Paka wa hapa wanaiba samaki aliyeko ndani ya sufuria inayochemka.

---

Risha_ya_Vuga

Hili si mzaha hata kidogo. Fremu inaning'inizwa darini kwa waya, si kwa kamba, na miguu yake isiguse ukuta. Mafuta ya zeituni yanapakwa baada ya kukauka, si kabla, la sivyo na sisimizi nao watakuja. Ukishapitisha moshi wa kibiriti upele, paka wengi hunusa wakaondoka. Wengi, si wote.

---

Gambusi_Konde

Salaam toka Pemba. Nimefurahi kuona mtu ameliweka gambusi mbele kwa mara moja. Kila kitu siku hizi ni udi, udi, udi. Langu ni la mti mmoja, limechongwa toka kichwa mpaka tumbo, ngozi ya mbuzi, na sasa limefungwa mshipi. Nauliza mambo matatu. Uzi wa utumbo hautakata ngozi pale kwenye daraja? Vigingi vyangu ni vya mti mlaini, vitashika? Na nianze na uzi upi?

---

Risha_ya_Vuga

Gambusi_Konde, wewe ndiye niliyekuwa nakungoja.

Ngozi haitakatwa. Mvutano ni ule ule au chini kidogo kuliko mshipi wako, maana watu wakifunga mshipi hufunga mnene wapate sauti. Angalia daraja tu: mshipi umeshachimba vijia vyembamba, na uzi wa utumbo wenye ukwaru ukikaa kwenye kijia chenye ncha kali utakatika hapo hapo. Sugua vijia kwa msasa mpaka viwe mviringo, kisha paka ule unga wa kalamu ya risasi.

Vigingi vitashika vizuri kuliko sasa. Mshipi unateleza kwenye tundu la kigingi, utumbo unakamata. Pitisha mara mbili tundu moja, usifunge fundo.

Anza na wa katikati. Wa juu kabisa unahitaji uzi mwembamba, tumbo moja au mawili ya mnyama mchanga sana, na huo ndio mgumu kuliko zote kuupata sawa. Wa chini unataka mnene unaotaka ufundi wa kusokota. Wa kati, matumbo matatu, unasamehe mengi. Ufunge wiki nzima huku ukiuacha chini ya sauti yake, uupandishe kidogo kidogo kila siku. Uzi mpya wa utumbo unavutika siku za mwanzo, ukiulazimisha siku ya kwanza unaudhoofisha.

Jaribio la kuujua uzi kabla ya kuufunga: shika ncha zote mbili, uvute, na mtu aupige kwa kidole katikati. Ukiona umbo moja lililo wazi, upande na upande, uzi una unene sawa. Ukiona unatetemeka ovyo, umbo limevurugika, una mahali penye unene tofauti na hautakaa kwenye sauti popote utakapokanyaga. Huo fungia paketi ya halua.

---

Mwl_wa_Fomu_Tatu

Gambusi_Konde, tupe urefu wa uzi wako, toka ukingo wa shingo hadi daraja, kwa milimita, na sauti unayotia kila uzi. Nitakupigia hesabu ya unene.

---

Gambusi_Konde

Mwalimu, sauti natia kwa koo langu, sina mashine. Koo likiwa na mafua, gambusi lote linashuka.

---

Mwl_wa_Fomu_Tatu

Basi rekodi kwa simu kila uzi peke yake, sekunde tano, unitumie ujumbe wa ndani. Nitapima mie.

---

Daktari wa Ng'ombe Wete

Konde si mbali na mie. Kuna mfugaji huku Micheweni mwenye mbuzi nimewapa dawa ya minyoo mwenyewe, na wiki ijayo anachinja wawili wa akika. Gambusi_Konde, njoo na ndoo mbili za maji baridi na mtu wa kukusaidia kukamua, alfajiri, kabla ya kisu. Glovu ninazo.

---

Risha_ya_Vuga

Daktari, mwambieni mchinjaji asikate utumbo vipande vipande anapotoa mafuta yake. Auvute mzima, ashikilie ncha ya juu. Na utumbo mnene mwachieni mwenye nyumba kwa supu, asije akaona mmemchukulia kila kitu. Majivu ya makumbi nitayapeleka bandarini kesho kutwa, gunia dogo, nimpe mtu wa boti ya Wete. Mpokeaji aniandikie namba yake ndani.